Kabla Hujashusha Injini: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama V8 ya Zamani Inahitaji Ovaholi

Mara tatu mwaka huu nimeitwa kwenye gereji za nyumbani hapa Marekani na kukuta hali ileile. Bloku iko kwenye stendi, hedi zimefunikwa blanketi, boliti zimejazwa kwenye makopo ya kahawa bila alama yoyote, na mwenye gari hakumbuki vizuri kwa nini aliifungua. "Ilikuwa inatoa moshi, fundi." Moshi wa rangi gani? Wakati wa kuwasha, au wakati wa kupanda mlima? Hakuna jibu, na sasa halitapatikana tena, kwa sababu injini iliyofunguliwa haitoi moshi.

Wote watatu ni watu wa bidii. Walichokosa ni utaratibu: walishika spana kabla ya geji. Injini iliyo nzima garini inaweza kukueleza mengi, nawe unatakiwa kuisikiliza hadi mwisho kabla ya kulegeza boliti ya kwanza.

Nazungumzia V8 (injini za silinda nane) za Kimarekani za miaka ya 60 na 70, zile za kwenye Chevelle, Camaro, Nova, Mustang, Charger na GTO. Mifano yangu ni ya Chevrolet 350 (inchi za ujazo 350), maana ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Ukiwa na Ford, Mopar (magari ya Chrysler, Dodge na Plymouth) au Pontiac, hatua ni zilezile, ila vipimo vya kiwanda vichukue kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako na mwaka wake.

## Vitu vya kuandaa

- Geji ya kompresheni ya kufunga kwa nyuzi kwenye tundu la plagi. Ile ya kubonyeza kwa mkono inavuja na itakudanganya.
- Kifaa cha kupimia uvujaji wa silinda, pamoja na kompresa ya hewa.
- Geji ya vakyumu.
- Geji ya kimakanika ya presha ya oili. Usitegemee ile ya kwenye dashibodi; ina miaka 50.
- Betri yenye chaji kamili na chaja yake.
- Filta mpya, oili, plagi 8 mpya, sumaku ndogo.
- Kikatio cha filta. Usitumie msumeno, kwa sababu utamwaga unga wa chuma ndani ya kile unachotaka kukichunguza.
- Kikomeo kirefu (mpini wa kuzungushia soketi) na soketi ya boliti ya mbele ya kranki.
- Daftari na kalamu. Simu inatosha kwa picha, lakini tarakimu ziandike kwa mkono.

Usinunue geji zote. Maduka ya vipuri ya AutoZone na O'Reilly huazima vifaa vya aina hii: unaacha amana, unarudishiwa ukirudisha kifaa.

Pima ukiwa mahali penye hewa. Moshi wa ekzosi kwenye gereji iliyofungwa unaua, na mafundi wenye uzoefu wamekufa hivyo.

## Hatua ya 1: Jua ni injini gani iliyoko garini

Gari la 1970 limepita mikononi mwa watu wengi, na huenda injini yake ya asili ilishatolewa zamani. Hili linabadilisha uamuzi wote, ndiyo maana naliweka mwanzo.

Kwenye Chevrolet ya bloku ndogo, namba ya kalibu, yaani ile iliyotokeza kwenye chuma tangu bloku ilipomiminwa, iko nyuma ya bloku upande wa dereva, pale injini inapoungana na giaboksi. Ukisoma 3970010, una bloku ya kawaida mno. Ilitumika kwa miaka mingi kuanzia 1969. Kisha nenda mbele upande wa abiria, chini kidogo ya uso wa hedi. Pale kuna kibamba kilichosawazishwa chenye herufi na namba zilizogongwa: kiwanda, tarehe ya kuunganishwa na msimbo wa aina ya injini. Kuanzia magari ya 1968 utakuta pia sehemu ya namba ya chasisi, kwenye kibamba hicho au karibu na filta ya oili. Ikilingana na ya gari, una injini ya asili.

Tahadhari: safisha kibamba kwa kitambaa na kiyeyusha grisi tu. Msasa au brashi ya waya ya umeme itafuta alama ambazo mnunuzi angezilipia pesa nyingi, na ukizifuta hakuna wa kuzirudisha.

Ukimaliza, daftari lina mistari mitatu: namba ya kalibu, maandishi ya kibamba, na neno "asili" au "si ya asili". Piga picha.

## Hatua ya 2: Kama gari lililala miaka

Injini inayowaka kila wiki, ruka hatua hii.

Iliyolala isiguswe na stata. Ringi huweza kushikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na stata ina nguvu ya kuzivunja. Toa plagi zote, tia oili kidogo kila silinda, acha usiku mzima au zaidi, kisha zungusha kranki taratibu kwa kikomeo. Ikigoma, usishindane nayo. Ongeza oili ya kupenyeza na usubiri siku nyingine.

Kabla ya kuwasha, ipe oili. Weka alama mahali distributa ilipoelekea, ichomoe, ingiza shafti ya kuendeshea pampu ya oili, na izungushe kwa drili (kwenye Chevrolet, kufuata mshale wa saa) mpaka oili itokeze juu kwenye roka. Mwaga petroli ya zamani yote.

Unataka kranki izunguke mizunguko miwili kamili bila kukwama popote. Mizunguko miwili ndiyo inayofungua na kufunga kila valvu mara moja.

## Hatua ya 3: Itengeneze iwake vizuri kwanza

Injini isiyo na kasoro yoyote ndani huweza kuonekana imechoka kwa sababu ya kabureta tu. Petroli ikizidi huosha oili kwenye kuta za silinda, kompresheni inashuka, na mwenye gari anaanza kuulizia bei ya pistoni. Badilisha plagi, weka taimingi kama kitabu kinavyosema, ziba mipira ya vakyumu iliyopasuka, rekebisha kabureta.

Halafu unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Ikiwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya kiwanda, injini nzima inayopumzika, yaani inayowaka bila kukanyagwa mafuta, itaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale hautikisiki. Mshale ukidondoka kwa mdundo usiobadilika, kuna valvu moja isiyofunga. Ukitetemeka haraka, shuku gaidi za valvu (mirija inayoongoza shina la valvu). Kamshafti ya mbio huonyesha chini zaidi na mshale hucheza. Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa. Ndugu zangu wa Denver, ondoeni kwenye kiwango hicho kama inchi 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko kabla ya kuingiwa na hofu.

## Hatua ya 4: Tazama moshi, sikiliza sauti

Mwombe mtu akae nyuma ya gari.

Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache baada ya gari kulala usiku, kisha ukakata, ni sili za valvu. Hizi ndizo zimewafanya watu wengi wafungue injini bure! Sili zinabadilishwa hedi zikiwa palepale: unajaza hewa ya kompresa ndani ya silinda ili valvu isidondoke, unatoa springi, unaweka sili mpya. Ni kazi ya mwisho wa wiki moja.

Moshi wa bluu unaozidi kila unapokanyaga mafuta unaelekeza kwenye ringi. Unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, gaidi za valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, rudi hatua ya 3. Moshi mweupe usiokata hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti (maji ya kupoza injini) inayoungua.

Sasa sauti. Mlio mwepesi wa kugonga haraka juu ya injini mara nyingi ni tapeti, au gasketi ya ekzosi inayovuja. Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaosikika zaidi ukipandisha mwendo kidogo kisha ukaachia, ni wa kuogopwa: huenda ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Kuhakikisha, zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uunganishe na chuma cha injini, washa tena. Rudia kwa kila silinda. Sauti ikipungua kwenye silinda fulani, umeipata.

Tahadhari: ukithibitisha kwamba konrodi inagonga, acha kuiwasha. Kila dakika ya ziada inakula kranki, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Presha ya oili, na kilichomo ndani ya filta

Funga geji ya kimakanika, endesha hadi injini ipate moto kabisa, soma. Kanuni ya mafundi ni PSI 10 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwa hiyo kwenye 2,000 unataka 20 au zaidi. Usisome injini ikiwa baridi. Oili nzito ya asubuhi humpa kila mtu matumaini.

Mwaga oili, kata filta, kunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma cha kamshafti, tapeti au ringi. Kijivu laini kisichonata ni uso wa beringi. Ukiona rangi ya shaba, beringi imelika hadi tabaka la chini, na hapo hakuna geji itakayokufariji. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji.

Utakuta vumbi kidogo sana la metali. Hilo ni la kawaida kwa injini ya umri huu.

## Hatua ya 6: Kompresheni

Hapa ndipo wengi wanapopima vibaya, kisha wanaamua kwa tarakimu mbovu. Fuata bila kuruka:

1. Injini iwe moto.
2. Toa plagi zote 8, si moja moja. Stata lazima izunguke kwa kasi ileile kwa kila silinda.
3. Kata umeme wa koili na uzuie petroli.
4. Shikilia kabureta ikiwa wazi kabisa. Kabureta iliyofungwa hunyima silinda hewa, na tarakimu zote zitakuwa za chini.
5. Zungusha kwa stata hadi mshale upige mapigo 5 kwa kila silinda. Acha chaja kwenye betri.
6. Andika. Kwenye Chevrolet silinda 1, 3, 5, 7 ziko upande wa dereva na 2, 4, 6, 8 upande wa abiria. Kwenye Ford, 1 hadi 4 ni upande wa abiria na 5 hadi 8 upande wa dereva.

Soma ulinganifu kabla ya ukubwa. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Injini yenye 140 kila mahali ina afya kuliko yenye 175 saba na 105 moja. Kwa 350 ya kawaida, kati ya 150 na 180 ni pazuri, ingawa kamshafti, uwiano wa kompresheni na mwinuko wa mji huisogeza.

Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka, kwa kuwa oili imeziba pengo lake kwa muda. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Nova moja ya 1972 ililetwa kwangu ikiwa na karatasi ya karakana nyingine: ovaholi kamili, chonga silinda, saga kranki. Nilipima. Silinda sita zilikuwa kati ya 150 na 160. Namba 5 na 7 zilikuwa 60 kila moja, na oili haikuzipandisha. Silinda mbili zinazopakana, zote chini kwa pamoja! Nilipojaza hewa kwenye 7, ilitokea kwenye tundu la plagi la 5. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua katikati yao. Tulitoa hedi moja, tukasawazisha uso wake, tukabadilisha gasketi. Gari linatembea hadi leo, na mwenyewe hakugusa pistoni hata moja. Bado inaniuma kufikiria pesa ambazo angelipa.

## Hatua ya 7: Uvujaji wa silinda, na cheni ya taimingi

Geji ya kompresheni inakuambia silinda inavuja. Kifaa hiki kinakuambia hewa inatokea wapi.

Weka pistoni juu kabisa mwisho wa mgandamizo, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Jaza hewa ya PSI 100, soma asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni nzuri sana, hadi 20 inavumilika kwa injini ya barabarani, ikipita 30 kuna kitu kimeharibika.

Tahadhari: pistoni isipokuwa juu kabisa, hewa itaizungusha kranki ghafla. Ondoa kikomeo kabla ya kufungua hewa, na mikono iwe mbali na feni na mikanda.

Kisha sikiliza. Hewa ikivuma kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haifungi. Kwenye ekzosi, valvu ya kutolea. Kwenye tundu la kujazia oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi, au ufa. Kwa injini iliyolala majira ya baridi ya kaskazini bila dawa ya kuzuia kuganda, fikiria ufa mapema.

Ukiwa bado na kikomeo mkononi, pima cheni. Zungusha kranki upande mmoja mpaka rota ya distributa isogee, weka alama, kisha irudishe nyuma polepole mpaka rota isogee tena. Mchezo wa nyuzi 10 au zaidi ni cheni iliyolegea. Injini nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani na gia ya kamshafti yenye meno ya nailoni, na meno hayo hupasuka, yakadondokea kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Kuibadilisha hakuhitaji kushusha injini.

## Hatua ya 8: Soma daftari, chagua njia

Isifunguliwe. Tofauti ya silinda iko ndani ya asilimia 25, uvujaji uko chini ya 20, presha ya oili inatosha, filta ni safi. Oili inayodondoka nyuma ya injini haibadilishi jibu hili: ni sili ya nyuma ya kranki, na kwenye 350 za zamani ni ya vipande viwili, inabadilishwa kwa kushusha sampu.

Hedi tu. Oili haikupandisha kompresheni, hewa inatokea kwenye kabureta au ekzosi, na chini kote kuko salama. Peleka hedi kwa mafundi wa mashine. Kama ni za kabla ya 1971, uliza kuhusu viti vigumu vya valvu za kutolea. Zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na hiyo imepigwa marufuku kwa magari ya barabarani hapa Marekani tangu 1996.

Ovaholi kamili. Ringi zimechoka kwenye silinda kadhaa, au presha ya oili imeanguka, au kuna shaba kwenye filta, au konrodi inagonga. Usibadilishe ringi peke yake kwenye silinda zilizolika kwa umbo la faneli. Mwaka hautaisha kabla moshi haujarudi. Kuchonga 0.030 ya inchi ni kawaida, na 350 inakuwa 355. Kufika 0.060, dai unene wa kuta upimwe kwanza kwa mawimbi ya sauti.

Injini nyingine. Hapa ndipo hatua ya 1 inapolipa. Bloku ni 3970010, si ya asili, na ina ufa au imeshachongwa hadi mwisho: msimamo wangu ni kwamba usiitupie pesa. Chevrolet yenyewe imekuwa ikiuza 350 mpya zilizokamilika. Ila injini za kuanzia 1986 zina sili ya nyuma ya kipande kimoja, kwa hiyo flaiwili yako ya zamani haitaingia. Kijiti cha oili nacho kilihamia upande wa abiria mwaka 1980, na huweza kugongana na ekzosi yako.

Lakini injini ikiwa ya asili, hata kama umenunua nyingine ya kuendeshea, usiiuze. Ipake oili, ifunike, iweke pembeni ya gereji. Gari likiuzwa siku moja, injini hiyo iende nalo.

Kabla ya kuchagua kati ya njia mbili za mwisho, pata bei kwa maandishi kutoka karakana mbili: kuchonga, kusaga kranki, hedi, pistoni, beringi, gasketi, kusawazisha uzito. Ongeza akiba ya ufa ambao haujaonekana bado. Linganisha na injini mpya iliyofika mlangoni.

Tahadhari ambayo ningeipigia kengele: bloku ya asili ikienda karakana, andika kwenye karatasi ya kazi kwamba kibamba cha namba kisiguswe. Kusawazisha uso wa juu wa bloku hukwangua kibamba hicho pamoja nao. Nimeona bloku ya asili ikirudi inang'aa kama kioo, bila herufi hata moja.

## Hatua ya 9: Ukiamua kufungua

Kila pushirodi na kila tapeti irudi mahali pake; tapeti bapa iliyozoea kibonge chake cha kamshafti ikihamishwa hukila kibonge cha jirani. Kofia za beringi kuu zisibadilishane, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku hiyohiyo. Mifuko ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika, picha kabla ya kila boliti.

Ukiweka kamshafti mpya ya tapeti bapa, tumia oili ya kuvunjia injini yenye zinki ya kutosha, na mara tu inapowaka ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Isipumzike kabla ya hapo. Oili hairukii kamshafti vya kutosha ikiwa polepole.

## Tarakimu zikikaa katikati

Hutokea. Silinda moja iko asilimia 74, uvujaji 22, presha ya oili imefika pale pale pa mwisho. Usiamue siku hiyo. Endesha maili 500, mradi hakuna mlio wa kugonga wala chembe kwenye filta, kisha pima tena kwa geji ileile, injini ikiwa na moto uleule. Ringi zilizonata kwa kulala mara nyingi hulegea zenyewe, na silinda inapanda. Ikiwa imeshuka tena, anza kuulizia bei. Ikiwa palepale, funga boneti, endesha, na upime tena mwakani.